Marehemu Aliugua Nini?

Liko swali moja ambalo mfiwa huulizwa mara nyingi katika siku za matanga, nalo ni hili: "Marehemu aliugua nini?" Jirani akiliuliza hujibiwa kwa maneno machache. Ilikuwa homa, au ilikuwa presha, au siku zake zilikuwa zimefika. Muulizaji huitikia, humwombea maiti rehema, na mazungumzo hugeukia mambo mengine. Hakutaka zaidi ya hayo, wala adabu haimruhusu kutaka zaidi.

Walakini katika nchi yetu yuko muulizaji wa namna nyingine. Huyu huja baada ya siku za msiba kupita, naye ana daftari mkononi, au siku hizi simu ya kuandikia. Hujitambulisha, huomba ruhusa, na akikubaliwa hukaa mkekani muda mrefu akauliza mambo mengi mno: homa ilianza lini, ilikuwa ya kuja na kwenda au ya kushika moja kwa moja, marehemu alikohoa, alipungua mwili, macho yaligeuka rangi, miguu ilivimba, na kama ni mama, je, alikuwa na mimba, au alikuwa amejifungua karibuni? Watu wa nyumba huudhika pengine. Husema: mtu amekwisha zikwa, maneno haya yatamrudisha?

Twataka leo kueleza habari za muulizaji huyo: ametumwa na nani, maneno anayoyachukua huyapeleka wapi, na yamefanya nini katika Mkoa wetu wa Morogoro. Tumewaweka mbele ya macho yetu khasa wasomaji wa Dumila, kwa sababu mji ule ni njia panda. Uko katika Wilaya ya Kilosa, juu ya barabara kuu iendayo Dodoma, na hapo ndipo inapochepuka njia ya Rudewa na Kilosa mjini. Wamo Wakaguru na Wasagara wenye asili ya nchi ile, wamo Waluguru, Wanguu na Wagogo, wamo wafugaji wa Kimasai na Kiparakuyo, na wamo wafanyabiashara na madereva waliolala usiku mmoja tu. Mahali pa namna hiyo watu hufa kwa sababu nyingi, na sababu moja huitwa kwa majina mengi.

Kwanza tuondoe shaka moja. Wako ndugu zetu wanaoona kwamba kuulizia sababu ya kifo ni kama kuipinga kudra ya Mwenyezi Mungu. Neno letu lenyewe "ajali" asili yake ni Kiarabu, na maana yake ni muda uliokwisha pangwa. Basi ajali ikifika, wasema, kuna haja gani ya kuuliza? Sisi twaona wamechanganya mambo mawili. Muda uko mikononi mwa Mungu, na hilo halina mjadala kwa Mwislamu. Lakini Mtume wetu (s.a.w.) ametufundisha kujitibu, na mtu hawezi kutibu ugonjwa asioujua. Mama aliyefiwa na mtoto mmoja kwa homa ya mbu, naye ana wengine watatu wanaolala chumba kilekile, anahitaji kujua kwamba ilikuwa homa ya mbu. Kuridhika kwake na kudra hakumzuii kutundika chandarua usiku uleule.

Shaka ya pili ni ya kisu. Mtu akisikia "uchunguzi wa kifo" huwaza maiti kupasuliwa, na wengi wetu hatulipendi jambo hilo ila panapokuwa na dharura ya sheria. Huu tunaousema hauna kisu. Maiti haiguswi, kaburi halifukuliwi. Ni uchunguzi wa maneno matupu: wale waliomwuguza marehemu husimulia walivyoona, masimulizi huandikwa, kisha madaktari wawili huyasoma kila mmoja peke yake na kuandika sababu anayoiona kuwa ndiyo. Wakiafikiana, imekwisha. Wakihitilafiana, hutakiwa rai ya daktari wa tatu.

Kazi hii ilianza kwetu kwa ukubwa mwaka 1992. Wizara ya Afya, ikishirikiana na Chuo Kikuu cha Newcastle cha Uingereza, ilianzisha uchunguzi wa maradhi na vifo vya watu wazima katika mahali patatu: mitaa kadhaa ya Dar es Salaam, vijiji 47 vya Wilaya ya Hai huko Kilimanjaro, na vijiji 59 vya Morogoro Vijijini. Dumila haikuwamo, kwa kuwa ni ya Kilosa. Lakini ukitoka Dumila kwenda Dakawa unaingia nchi ya Mvomero, na Mvomero wakati ule ilikuwa bado sehemu ya Morogoro Vijijini. Ni majirani zetu, hewa yao ni hewa yetu na mbu wao ni mbu wetu.

Watu wazima waliohesabiwa Morogoro walikuwa 50,465. Nyumba zao zikawa zinazungukiwa, na kila palipotokea kifo wafiwa wakaenda kuulizwa. Katika miaka mitatu, mahali pote patatu, viliandikwa vifo 4,929 vya watu wenye umri wa miaka 15 na zaidi. Matokeo yalitolewa mwaka 1996 katika gazeti la madaktari wa Uingereza, British Medical Journal, na yafaa tuyasome polepole. Ilionekana kwamba, hali ikiendelea kama ilivyokuwa, katika kila vijana wa kiume 100 wa Morogoro waliofikia miaka 15, 58 watakufa kabla ya kufika miaka 60. Kwa wanawake ni 48. Dar es Salaam idadi ilikuwa 47 kwa wanaume na 45 kwa wanawake. Hai, ambako watu wana nafuu ya maisha, ilikuwa 37 na 26.

Yaani nchi moja na serikali moja, lakini mwanamke wa Morogoro alikuwa na hatari ya kufa kabla ya uzee karibu mara mbili ya mwenzake wa Hai. Kabla ya hapo hapakuwa na mtu aliyeweza kulisema jambo hili kwa idadi. Hospitali ina daftari lake, lakini daftari la hospitali huandika wale waliofika hospitalini, na katika vijiji vyetu wengi hufia nyumbani. Ukitaka kujua watu wanakufa kwa nini, sharti uende nyumbani ukaulize. Hapana njia nyingine.

Hapa twataka kukaa kidogo, kwa kuwa ndipo penye kosa kubwa la nyumba zetu. Muulizaji akibisha hodi, anayetoka kumpokea ni mwanamume: baba wa nyumba, au ami, au kaka mkubwa. Naye huona ni wajibu wake kusema kwa niaba ya nyumba, na katika mambo mengi ni kweli. Lakini aliyekesha na mgonjwa ni nani? Ni mama, au bibi, au dada. Yeye ndiye aliyemkanda kwa maji, akajua usiku gani homa ilipanda na saa ngapi pumzi ilianza kubana. Baba alikuwa shamba la mpunga, au safarini na lori la mahindi, akaitwa mwisho. Akijibu yeye, atasema "malaria", kwa sababu ndilo neno alilolisikia, na karatasi nzima itakuwa imeharibika. Baba mwenye busara humkaribisha mgeni, kisha husema: "Mwulizeni mama yake, yeye ndiye aliyekuwa naye."

Na kama anayetakiwa kusema ni mjane aliyeko katika eda yake ya miezi minne na siku kumi, basi muulizaji na aje mwanamke, aje nyumbani, na wala asimtoe mjane kwenda kuulizwa ofisini. Jambo hili si gumu. Wanaoulizia wengi ni vijana wa kike wa vijiji vilevile.

Yako na majina ya maradhi. Wachunguzi waliofanya kazi Bagamoyo katika miaka ya 1990 walikuta kwamba watu wanaijua vyema "homa ya malaria": ni homa ya kawaida, mtu humeza vidonge akapona. Lakini mtoto anapokakamaa, macho yakapinduka na mwili ukatetemeka, huo haukuitwa malaria. Huo ni degedege, na degedege kwa wengi ni kitu kingine kabisa, ni ndege au shetani apitaye usiku, na dawa yake ni ya mganga. Tena waliogopa sana kwamba mtoto wa degedege akipigwa sindano atakufa. Waganga wa hospitali, kwa upande wao, wanajua kwamba malaria kali kwa mtoto mdogo huleta mtikisiko huohuo. Basi fikiri, msomaji: ukimwuliza mama, "Mwanao alikuwa na malaria?" atakujibu kwa moyo safi kabisa, "La, hakuwa nayo. Alikufa kwa degedege." Hakusema uwongo. Swali ndilo lililokuwa bovu. Kwa ajili hiyo karatasi za uchunguzi zikawa haziulizi jina la ugonjwa peke yake; huuliza ishara moja moja, na hutaka maneno ambayo watu wa mahali pale wenyewe wanayatumia.

Sasa maneno hayo yalipelekwa wapi? Katika miaka ileile ya 1990 ulianzishwa mradi mwingine uliojulikana kwa herufi za TEHIP, wa Wizara ya Afya pamoja na shirika la utafiti la Kanada, IDRC. Wilaya zilizochaguliwa zilikuwa mbili, Rufiji na Morogoro Vijijini, na mmoja wa viongozi wake alikuwa Dakta Harun Kasale. Hawa waliuliza jambo jepesi ambalo ajabu ni kwamba halikuwa limeulizwa: fedha za afya za wilaya zinakwenda kwenye maradhi yanayoua watu, au zinakwenda kwingine? Walichukua hesabu za vifo zilizopatikana kwa kuuliza nyumba kwa nyumba, wakaziweka kando ya hesabu za fedha za mwaka 1996.

Morogoro ilionekana hivi. Malaria peke yake ilichukua asilimia 30 ya miaka ya uhai iliyopotea kwa vifo na maradhi makali. (Mtoto akifa ana mwaka mmoja, miaka iliyopotea ni mingi, mzee wa miaka themanini akifa, ni michache. Ndivyo wanavyohesabu.) Malaria hiyo ilipewa asilimia 5 ya fedha. Maradhi ya watoto kwa jumla, yaani kichomi, kuharisha, utapiamlo, surua na malaria yao, yalichukua asilimia 28 ya hasara na yakapewa asilimia 13. Kifua kikuu kilikuwa chini ya asilimia 4 ya hasara, nacho kilipewa asilimia 22.

Hapakuwa na mtu aliyeiba. Maofisa walipanga bajeti kama walivyopanga mwaka uliopita, na mwaka uliopita ulipangwa kama wa kabla yake, na penye mfadhili anayependa ugonjwa fulani fedha zikafuata mapenzi yake. Mama wa Matombo au Mgeta aliyezika mtoto hakuwa mezani.

Isije mtu akazisoma hesabu hizi kwa haraka. Katika hesabu hizohizo, maradhi yanayokingwa kwa chanjo yalikuwa asilimia 4 tu ya hasara, na chanjo ilipewa asilimia 30 ya fedha. Mtu mjinga atasema: basi tupunguze chanjo. Lakini maradhi hayo yamekuwa machache kwa sababu watoto wanachanjwa! Ukiiondoa chanjo leo, surua na pepopunda zitarudi zilipokuwa. Hesabu humwonyesha mtu mahali pa kutazama, haimwondolei wajibu wa kufikiri.

Maofisa wa wilaya zile mbili walipoonyeshwa hali hiyo kwa picha za mistari, waliigeuza bajeti wenyewe. Wafanyakazi wa zahanati wakafundishwa kumtazama mtoto mgonjwa mwili mzima badala ya kutazama lile moja alilolalamikiwa. Vyandarua vyenye dawa vikasukumwa. Zahanati zilizobomoka zikatengenezwa, na wanavijiji wakatoa nguvu zao. Mradi uliahidi kuongeza hadi dola 2 kwa kila mtu kwa mwaka, wakati nchi ilipokuwa ikitumia kama dola 8 tu kwa mtu. Na la kushangaza ni kwamba wilaya hazikuweza kuzitumia zote, zilitumia kama senti 80. Katika Rufiji vifo vya watoto wachanga chini ya mwaka mmoja vilishuka kutoka 100 katika kila 1,000 mwaka 1999 hadi 72 mwaka 2000. Wasimamizi wa mradi waliandika baadaye kwamba vifo vya watoto vilipungua kwa zaidi ya asilimia 40 katika miaka mitano. Hatusemi kwamba ni bajeti peke yake iliyofanya hayo, kwani vyandarua vilikuwa vikienea pwani nzima wakati uleule. Lakini ni nani awezaye kusema haikuhusika?

Liko tunda jingine la maswali yale, nasi twalipenda kuliko la fedha. Kwa miaka mingi mzazi aliyefiwa na mtoto kijijini alikuwa akilaumiwa. Ilisemwa hospitalini, ilisemwa redioni, na twaogopa hata mimbarini ilisemwa, kwamba watoto wanakufa kwa kuwa wazazi wao ni wajinga, wanakimbilia kwa waganga na hirizi na kuacha hospitali. Mwaka 2004 Don de Savigny na wenzake wa Rufiji waliandika matokeo ya uchunguzi wao katika jarida la Malaria Journal. Walikuwa wamewauliza wafiwa: marehemu huyu aliyekufa kwa malaria, mlimpeleka wapi kwanza? Takriban asilimia 79 walikwenda kwanza kutafuta dawa ya hospitali. Waliokwenda kwanza kwa mganga wa kienyeji walikuwa asilimia 9.

Basi mama alikwenda. Alimbeba mtoto mgongoni, akapanga foleni, akapewa dawa, akarudi nyumbani, na mtoto akafa. Na dawa yenyewe miaka ile ilikuwa klorokwini, ambayo vijidudu vya malaria vilikuwa vimekwisha kuizoea. Serikali iliiacha mwaka 2001, na baadaye, mwaka 2006, ikaanza kuleta dawa ya mseto. Nyumba ngapi zilibeba lawama isiyo yao? Rufiji ni nchi ya Waislamu wengi, na twajua ndugu zetu wa kule jinsi walivyosemwa. Hirizi tunazikataza kwa sababu za dini, na tutaendelea kuzikataza. Lakini kumsingizia mfiwa jambo ambalo hakulifanya ni dhambi nyingine, wala haifutwi na ile ya kwanza.

Wasomaji vijana watauliza kama jambo hili la kuwauliza wafiwa limebuniwa kwa ajili yetu sisi Waafrika tusio na madaftari. Halikubuniwa kwetu. Nchi ya Ireland, jirani ya Uingereza na wakati huo chini ya utawala wake, ilihesabu watu wake mwaka 1841, na katika hesabu ile kila mwenye nyumba alitakiwa kuandika pia watu wa nyumba yake waliokufa katika miaka kumi iliyopita, na kila mmoja alikufa kwa nini. Hapakuwa na daftari la vifo kule. Uandikishaji wa lazima kwa watu wote ulianza 1864. Aliyekabidhiwa kuyapanga majibu ni daktari kijana, William Wilde, ambaye mwanawe Oscar alikuja kuwa mwandishi mashuhuri. Alikutana na shida ileile ya degedege. Wakulima wa Ireland walikuwa na majina yao ya maradhi katika lugha yao ya Kiairishi, na madaktari waliosoma Kiingereza hawakuyajua. Wilde aliyakusanya majina hayo na kuyalinganisha na ya vitabuni, badala ya kuyacheka.

Miaka minne baada ya hesabu ile viazi vya Ireland viliingiliwa na ugonjwa, na ikaja njaa kubwa. Mwaka 1841 watu walikuwa zaidi ya milioni 8. Mwaka 1851 walikuwa kama milioni 6 na nusu. Katika hesabu hii ya pili nyumba ziliulizwa tena juu ya wafu wao wa miaka kumi, na Wilde akaipanga tena kazi hiyo. Vifo vilivyoandikwa vilikuwa vingi mno, lakini vilikuwa pungufu ya vilivyotokea, na sababu yake inasikitisha: nyumba iliyokufa yote haikuwa na mtu wa kujibu, na nyumba iliyopanda merikebu kwenda Marekani haikuwapo tena.

Hilo la Ireland ndilo linalotutia wasiwasi juu ya Dumila. Mfugaji aliyehama na ng'ombe zake, kibarua wa msimu aliyekuja kupalilia, dereva aliyefia katika nyumba ya wageni njia panda: hao nani atawajibia? Nyumba zilizojengeka, zenye baba na mama na babu, husikika katika hesabu. Mtu wa peke yake hapotei duniani tu, hupotea na karatasini. Mara nyingi wa mwisho kumwona ni jamaa wa msikiti wanaomwosha na kumkafini. Je, waosha maiti waulizwe? Sisi twaona hapana. Mwosha maiti ana amana ya kusitiri alichokiona mwilini, na amana hiyo ikivunjwa kwa ajili ya karatasi, itavunjwa na kwa ajili ya masengenyo. Aulizwe mwenye nyumba ya wageni, waulizwe wafanyakazi wenzake.

Shirika la Afya Duniani lilipoitengeneza upya karatasi ya maswali mwaka 2012 liliongeza mambo ambayo twayaona mazuri. Mbali na homa na kikohozi, mfiwa huulizwa: katika siku za mwisho, mlimpeleka hospitali? Safari ilichukua zaidi ya saa mbili? Mlitumia simu kuomba msaada? Palikuwa na shaka kama ugonjwa unahitaji hospitali? Gharama zilikuwa kubwa hata zikazuia matumizi mengine ya nyumba? Kwa maswali haya kifo hakisemwi tena kuwa ni cha kijidudu peke yake. Barabara huwamo, nauli huwamo, na aliyeshika mfuko wa fedha akakawia kuufungua huwamo pia.

Watu wa Dumila hawahitaji kuelezwa sana juu ya barabara. Januari 2014 mafuriko yalikuja yakaharibu njia hata barabara kuu ya Morogoro na Dodoma ikakatika pale, na watu wengi wa Dumila na Magole wakapoteza makazi yao. Siku kama hizo mjamzito aliyeshikwa na uchungu upande usio na hospitali hufa kwa sababu ya daraja, ijapokuwa daktari ataandika kwamba alitokwa na damu. Yote mawili ni kweli. Ni mfiwa peke yake awezaye kulitaja lile la kwanza.

Kwa upande wa homa, twawaomba wazazi wabadili kitu kimoja katika maneno yao. Mwaka 2014 yalitolewa matokeo ya uchunguzi wa watoto 1,005 wenye homa waliotibiwa Dar es Salaam na Ifakara. Waliopimwa kwa makini wakaonekana kuwa na malaria walikuwa kama asilimia 10 tu, na zaidi ya nusu walikuwa na maradhi ya njia ya hewa. Kwa hiyo ile desturi yetu ya kuita kila homa malaria, ambayo katika 1996 ilikuwa karibu na ukweli, sasa huweza kumdhuru mtoto. Kipimo cha haraka kipo hata katika zahanati ndogo. Mtoto apimwe, na jibu liandikwe katika kadi yake, na kadi itunzwe. Siku ya kuulizwa, iwe kwa heri au kwa msiba, kadi hukumbuka kuliko mtu.

Twajua vifo vya watoto nchini vimepungua sana: walikufa 147 katika kila 1,000 kabla ya kutimiza miaka mitano, kwa hesabu ya 1999, wakawa 112 katika hesabu ya 2004 na 2005, 67 katika ile ya 2015 na 2016, na 43 kwa hesabu ya 2022. Idadi hizo zote zimetoka katika vinywa vya akina mama walioulizwa majumbani, mmoja mmoja, watoto wangapi mmezaa, wangapi wako hai. Wako waliolia walipokuwa wakijibu.

Basi anayejibu ana haki zake, nazo hazisemwi sana. Utafiti wa afya wa namna hii sharti uwe na kibali cha Taasisi ya Taifa ya Utafiti wa Magonjwa ya Binadamu, NIMR, iliyoundwa kwa sheria ya mwaka 1979; na muulizaji akitakiwa kukionyesha kibali chake asione ametukanwa. Mfiwa anaweza kukataa, au akajibu nusu akaacha, wala hanyimwi matibabu kwa ajili hiyo. Jina la marehemu halichapishwi. Hili la jina ni kubwa, kwani wako wanaoficha Ukimwi na kifua kikuu kwa kuogopa watoto wa marehemu wasinyanyapaliwe na binti zake wasikose waume, nasi hatuwalaumu kwa hofu yao. Twawaambia tu kwamba karatasi ya uchunguzi si baraza la kahawa. Muulizaji atakayepeleka maneno ya nyumba moja katika nyumba nyingine ashitakiwe kwa waliomtuma.

Tena yasichanganywe maandiko mawili. Majibu anayopewa mchunguzi hayamfanyi marehemu kuwa ameandikishwa kwa serikali. Cheti cha kifo hutolewa na RITA, na mirathi ikifika mahakamani cheti hicho ndicho kitakachoulizwa. Wako mayatima waliokaa muda mrefu bila kupata haki yao kwa sababu ami alidhani kwamba yule kijana mwenye daftari alikwisha kumaliza yote.

Neno letu la mwisho ni kwa wachunguzi, na ni la manung'uniko. Karibu matokeo yote tuliyoyataja hapa yalitolewa kwa Kiingereza, katika magazeti ya madaktari wa ng'ambo. Mama aliyetoa saa nzima ya huzuni yake haelezwi baadaye kwamba katika kijiji chake wamekufa wangapi, kwa nini, na zahanati yake imepewa nini. Halmashauri ya kijiji inapoombwa ruhusa ya kuulizia watu, na iulize nayo: mtarudi lini na majibu, na mtayasema kwa lugha gani? Tarehe iandikwe katika kitabu cha mikutano, na mchunguzi atie sahihi mbele ya watu.